Ramani ya Zamani ya Mbulumbulu Inajibu Nini?



Mbulumbulu, wilayani Karatu, makorongo yanakula mashamba. Korongo likipanuka, majirani huanza kubishana: zamani kijito kilipita wapi? Ndipo mtu hukumbuka ramani ya zamani. Tuone inaweza kutusaidia kiasi gani.

Tunazungumzia ramani za skeli ya 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani kwa ndege. Sentimita moja ni mita 500 ardhini. Bluu ni maji, na mistari ya kahawia ni kontua, yaani inaunganisha mahali penye mwinuko sawa. Mwinuko huandikwa kwa futi au kwa mita. Tusome pembeni kwanza, maana wengi hukosea hapo.

Kontua zinapobanana pana mteremko mkali. Upande wa mashariki wa Mbulumbulu zinakaribia kugusana: huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Zinapokata kijito hupinda kama herufi V, na ncha ya V huelekea maji yanakotoka. Tukifuata ncha hizo tunapanda kuelekea msitu wa Ngorongoro. Tukigeuka, tunaona udongo wa mashamba yetu unakoteremkia.

Tuangalie pia mwaka wa picha, si mwaka wa kuchapwa tu. Upper Kitete, kijiji cha ngano, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Picha zikiwa za kabla ya hapo, kijiji hakitaonekana, na hilo halina maana kwamba mchoraji alikosea.

Sasa ule ugomvi. Mstari wenye unene wa nusu milimita kwenye karatasi ni mita 25 shambani! Basi ramani hii haiwezi kuamua mpaka unaogombaniwa kwa hatua tatu, hata ikibandikwa ukutani kwa mwenyekiti wa kijiji. Inachoweza kuonyesha ni kwamba kijito kilishuka upande gani wa kilima, kiliungana na kipi, na njia ilikivuka wapi.

Kwa hiyo tuishike pamoja na wazee. Tuanzie mahali pasipohama, kama makutano ya vijito viwili, tushuke kwa miguu, na kila kivuko tupime upana wa korongo la leo. Nakala huulizwa Wizara ya Ardhi, kwenye idara ya upimaji na ramani. Ikipatikana tuizungushe, tusiikunje. Mkunjo nao hufuta vijito.