Ruzuku ya Watu Wenye Ulemavu Mkubwa: Fedha Hizi ni za Nani?

Familia inayomtunza mtu asiyeweza kula, kuoga wala kugeuka kitandani bila msaada hubeba gharama ambazo jirani hazioni: nepi, sabuni, nauli ya kwenda kliniki, na kibarua anachokikosa mtu mzima anayelazimika kubaki nyumbani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kuitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kwa msingi huo, mpango wa Inua Jamii una ruzuku maalumu kwa watu wenye ulemavu mkubwa: shilingi 2,000 kwa mwezi.

Nani anayestahili?

Ruzuku hii inalenga kaya maskini zenye mtu ambaye ulemavu wake unamfanya ahitaji kutunzwa usiku na mchana. Kuwa na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hakutoshi peke yake. Kusajiliwa na Baraza ni jambo moja, kuandikishwa katika mpango ni jingine. Ulizia uandikishaji kwa chifu au katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yako. Nafasi hutegemea bajeti, hivyo huenda ukasubiri.

Mlezi na mwenye fedha

Kwa kuwa mnufaika aghalabu hawezi kwenda kupokea malipo mwenyewe, hupokelewa na mlezi aliyeandikishwa kwa niaba yake. Hata hivyo, mlezi ni mwekwa amana tu. Fedha ni za mnufaika, na mahitaji yake hutangulia: chakula chake, dawa zake, usafi wake. Mlezi anayezichukua na kumwacha mnufaika akilala njaa anamdhulumu asiyeweza kujitetea. Yeyote anayeona hayo, awe ndugu au jirani, na atoe taarifa kwa chifu au kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

Mlezi akifariki au akihama, msikae kimya. Familia na ipeleke taarifa mapema, pamoja na kitambulisho cha mlezi mpya, ili mabadiliko yafanywe. Mnufaika mwenyewe akifariki, ni lazima pia taarifa itolewe.

Tahadhari

Kuandikishwa ni bure. Usimpe mtu yeyote hongo ili jina liingizwe, wala usimtajie mtu namba yako ya siri. Malipo yakichelewa, miezi kadhaa huweza kulipwa kwa pamoja. Kwa hiyo ukipokea shilingi 4,000, hesabu kwanza ni za miezi mingapi kabla ya kudhani kiwango kimepanda. Weka kumbukumbu ya kila malipo na tarehe yake.

Malalamiko yasiposhughulikiwa, una haki ya kuyafikisha kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kudai haki ya asiyeweza kusema si kuomba hisani.