Je, Wajua? Haibiskasi Isiyoogopa Theluji

Je, wajua kwamba mtu wa Tanga aliyehamia Columbus, Ohio, anaweza kupanda haibiskasi nje ya nyumba, ikapigwa na theluji msimu mzima, na kiangazi ikamtolea maua makubwa kuliko yoyote aliyoyaacha nyumbani? Ila si ile aliyoizoea. Haibiskasi ya nyua zetu za pwani, Hibiscus rosa-sinensis, ni mmea wa nchi za joto. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 hunyong'onyea, na barafu ya usiku mmoja huiua. Zinazoweza baridi ni ndugu zake, hasa wawili: Hibiscus syriacus, kichaka cha mashina magumu kinachofika mita 2 hadi 4, na Hibiscus moscheutos, mzaliwa wa vinamasi vya mashariki na kusini mwa Marekani. Wote wawili huvumilia baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, hata zaidi kidogo.

Je, wajua namna ya kuzitambua dukani bila kumuuliza muuzaji? Tazama jani. Likiwa la kijani kizito na linang'aa kama limepakwa mafuta, hiyo ni ya joto. La baridi halina mng'ao, na kwa moscheutos mara nyingi lina umbo la moyo. Kisha tazama ua: la njano au la chungwa, rudisha pochi mfukoni. Zinazostahimili baridi hutoa nyeupe, waridi, nyekundu, na kwa syriacus zambarau inayokaribia buluu. Mwezi Mei madukani aina zote husimama meza moja, na kibandiko huandikwa haibiskasi, basi. Ndivyo watu wanavyonunua mmea wa miezi mitano wakidhani wamenunua wa miaka ishirini.

Je, wajua kwamba moscheutos hufa kila mwaka, kuanzia usawa wa ardhi kwenda juu? Baridi ikiingia, mashina yote hukauka, na uhai wote hubaki mizizini. Tena huchelewa kuamka kuliko karibu kila kitu bustanini. Tulipu zimeshachanua zikapukutika, mawaridi ya jirani yana majani tele, na pale penye haibiskasi ni udongo mtupu hadi mwishoni mwa Mei, pengine Juni. Naamini jembe la mwenye bustani aliyekata tamaa limeua haibiskasi nyingi kuliko barafu. Dawa yake ni rahisi: unapokata mashina yaliyokauka, acha vibutu vya sentimita 10 au 15. Vitakukumbusha kwamba hapo pana mwenyewe.

Ikishatokeza, haina mchezo. Ndani ya wiki chache inakupita kiuno, na ua lake hufika sentimita 25, mengine 30, kutoka ukingo hadi ukingo.

Je, wajua ua hilo lote lina umri gani? Siku moja. Linafunguka asubuhi na kufikia usiku limejikunja. Kesho yake tumba lingine linapokea zamu, na hivyo hivyo tangu Julai hadi Septemba. Kwa hiyo usihangaike kulikata uliweke kwenye chombo sebuleni.

Je, wajua kwamba syriacus haikutoka Siria? Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliipa jina hilo mwaka 1753, lakini asili yake ni China. Ulaya ilikuwa imeshaifahamu zamani: John Gerard, mtaalamu wa mitishamba wa Uingereza, aliandika mwaka 1597 kwamba amepanda mbegu zake. Rais wa Marekani Thomas Jefferson naye aliipanda kwenye shamba lake la Monticello, Virginia.

Na Korea Kusini? Huko ni ua la taifa, linaitwa mugunghwa. Limo kwenye nembo ya nchi, na kuna treni zinazobeba jina hilo. Ulitazama tamthilia ya Squid Game mwaka 2021? Yule mwanasesere mkubwa anayewageukia wachezaji hutamka kwa Kikorea maneno yanayosema kwamba ua la mugunghwa limechanua. Ni mchezo wa kawaida wa watoto wa Korea. Mauaji yaliongezwa na watunzi.

Je, wajua kwamba syriacus hutoa maua kwenye matawi ya mwaka huohuo? Basi pogoa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla majani hayajatoka. Ukipogoa Juni umeyakata maua yako mwenyewe. Wanaotaka maua machache lakini makubwa hupunguza sana, wakaacha macho mawili matatu kwenye kila tawi.

Kichaka hiki kina tabia moja ya kuudhi: hujizalia miche ovyo. Vidonge vya mbegu hupasuka, na mwaka unaofuata unang'oa miche kwenye vijia, chini ya uzio, hadi kwa jirani. Je, wajua kwamba kuna mtu aliyelitatua jambo hili kwa hesabu ya kromosomu? Donald Egolf, mtafiti wa bustani ya taifa ya miti mjini Washington, alitumia kolikisini, sumu inayopatikana kwenye mmea, kuzidisha kromosomu za haibiskasi mara mbili. Kisha akaichanganya mimea hiyo na ya kawaida, akapata yenye seti tatu badala ya mbili. Mmea wa namna hiyo hushindwa kugawa kromosomu zake sawasawa, kwa hiyo hutoa mbegu chache mno, ila maua yake ni makubwa na huendelea kwa muda mrefu. Aliyapa majina ya Ugiriki na Rumi ya kale: Diana, Helene, Minerva, Aphrodite. Mimi ningechagua Diana, nyeupe tupu, ambayo ua lake halina haraka ya kufunga jua likizama. Ukinunua aina nyingine, kata vidonge kabla havijakauka, la sivyo shika jembe.

Je, wajua kwamba kuna nyuki Marekani ambaye maisha yake yamefungamana na ua la haibiskasi? Anaitwa Ptilothrix bombiformis. Haishi mzingani, kila jike huchimba shimo lake mwenyewe kwenye udongo mgumu uliokauka. Atauchimbaje? Anakwenda kwenye dimbwi, anatua juu ya maji bila kuzama, anayanywa, anarudi kuulainisha udongo, kisha anautoa kwa vidonge vya tope. Watoto wake huwawekea chavua, nayo hasa ni ya haibiskasi, yenye punje kubwa za miiba miiba. Anayenyunyizia dawa ya wadudu ua likiwa wazi anamsumbua mgeni huyu. Mdudu anayekula majani, yule mende wa Kijapani, mwokote asubuhi angali mzito kwa baridi, umtupe kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Je, wajua kwamba si kila ndugu wa ukoo huu yuko salama? Hibiscus dasycalyx, wa mashariki mwa Texas peke yake, aliingizwa mwaka 2013 kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini.

Je, wajua kwamba bamia nayo Linnaeus aliiweka kwenye jenasi ya Hibiscus? Baadaye ikahamishwa. Rosela ingalimo. Na Hibiscus schizopetalus, wenye ua linaloning'inia na petali zilizochanikachanika, ni mzaliwa wa Kenya na Tanzania. Baridi hauiwezi kabisa.

Je, wajua kiu inavyoonekana kwenye haibiskasi? Matumba huanguka kabla ya kufunguka. Moscheutos ni mwana wa kinamasi. Mpe sehemu ile ya bustani inayotuama maji ambayo mimea mingine inaikataa. Syriacus yeye anataka udongo unaopitisha maji. Wote wanataka jua la saa sita au zaidi, na matandazo ya kutosha. Mbolea ya naitrojeni ikizidi utavuna majani.

Na mbegu za moscheutos? Ganda lake ni gumu. Likwaruze kidogo kwa msasa, loweka usiku kucha, zipande ndani ya nyumba wiki kumi hivi kabla barafu ya mwisho haijapita. Nyingi huweza kuchanua mwaka huohuo.