Nduthi ikizima ikiwa moto, usikimbilie kununua koili

Umebeba mteja kutoka Roysambu kwenda tao, nduthi inavuta vizuri tu. Mkikaribia Pangani inaanza kukohoa, egzosi inalia pa! pa!, kisha kimya. Unaisukuma kando ya barabara, mteja anaangalia saa, anapungia nduthi nyingine mkono. Unapiga kiki hadi goti linauma. Wapi! Baada ya robo saa, ukiwa umeshakata tamaa, unajaribu mara moja tu na injini inanguruma kana kwamba haijawahi kuwa na shida maishani.

Ukifika kwa fundi mtaani na kuanza kumsimulia, jibu huwa tayari kabla hujamaliza: "Bosi, hiyo ni koili imeenda."

Huenda amesema kweli. Koili ya pikipiki iliyozeeka hufa hivyo hasa, ikishapata joto. Lakini kuna vitu vingine kadhaa vinavyokufa kwa mtindo uo huo, na maduka mengi ya spea hayarudishi pesa za kifaa cha stima ukishakifunga kwenye pikipiki. Kama unalipa mkopo wa nduthi kila siku kwa simu, unajua vizuri koili iliyonunuliwa bure ina maana gani. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, hakikisha umeikamata koili ikiwa na makosa.

Kwanza ujue unashuku nini. Chungulia chini ya tenki. Utaona kidude cheusi kilichofungwa kwenye fremu, kinachotoa waya mmoja mnene unaoenda hadi kwenye plagi. Hiyo ndiyo koili. Ndani yake kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Stima ya ule mnene ikibadilika ghafla, ule mwembamba huzaa stima kali ajabu, volti 15,000 na zaidi, ya kuruka pengo la plagi na kuwasha mafuta. Kanuni yenyewe iligunduliwa na Michael Faraday mwaka wa 1831, na haijabadilika hadi leo kwenye steji ya Githurai.

Sasa fikiria kidude hicho kimekaa juu ya injini moto kwa miaka kumi, kikitikiswa na matuta na kulowa kila msimu wa mvua. Plastiki inapata nyufa, na ule waya mwembamba unakatika mahali pasipoonekana. Koili ikiwa baridi, ncha mbili zilizokatika bado zinagusana. Ikipata joto kila kitu kinatanuka, ncha zinaachana, cheche inapotea. Ikipoa zinarudiana. Ndiyo maana nduthi huwaka baada ya kupumzika, na ndiyo maana ukiipeleka kwa fundi asubuhi ikiwa baridi haoni ugonjwa wowote.

Kipimo cha maana basi hufanyika palepale ilipozima. Na cha kwanza hakihitaji hata spana: fungua kifuniko cha tenki. Kifuniko hicho kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Kikizibwa na vumbi, mafuta yanaposhuka hakuna hewa ya kujaza nafasi, tenki linavuta kama mtoto anayenyonya chupa iliyoziba, na kabureta linakauka. Injini inazima baada ya dakika ishirini hivi, inapumzika, hewa inajipenyeza polepole, inawaka tena. Hadithi ni ile ile ya koili, neno kwa neno! Ukifungua kifuniko na kusikia "fsss", kisha nduthi ikawaka mara moja, mgonjwa wako ni kitundu na dawa yake ni kipande cha waya cha kuzibulia. Sijui ni koili ngapi nzima zimetupwa kwa sababu ya kitundu hicho, ila nina hakika si chache.

Kama hakuna "fsss", toa plagi. Usingoje ufike nyumbani. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayawashwi, kwa hivyo endelea kufuata stima. Ikiwa kavu kabisa licha ya kiki zote hizo, achana na koili, rudi kwenye kabureta, chujio na bomba la mafuta.

Sasa tafuta cheche. Rudisha plagi ndani ya kofia yake, laza chuma cha plagi kwenye injini mahali pasipo na rangi, mbali na lile tundu ulikoitoa, kisha washa swichi na upige kiki. Hapa kuna mambo mawili ya kukaza. Usiishike plagi kwa vidole vitupu, la sivyo hizo volti 15,000 zitakusalimia wewe. Pia usipige kiki waya ukiwa unaning'inia hewani bila kugusa chuma, kwa sababu stima isiyo na pa kwenda hutoboa njia ndani ya koili au kuua CDI. Wengi wamemaliza koili iliyokuwa nzima kwa kuipima hivyo. Na kama mafuta yamemwagika juu ya injini, pangusa na ungoje yakauke.

Cheche nzuri ni ya buluu na inalia "tak". Ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayotokea na kupotea, ni dalili mbaya. Lakini usiachilie mshukiwa kwa sababu umeona cheche. Hewani kazi ni rahisi. Ndani ya silinda hewa imegandamizwa sana, na cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka pengo lile lile. Ndiyo maana koili dhaifu hukuwasha vizuri mbele ya nyumba kisha ikakuaibisha kwenye kilima na abiria wawili. Mafundi wajanja huweka plagi kuukuu iliyotanuliwa pengo hadi milimita 6 hivi. Cheche ikiruka hapo, koili ina nguvu.

Cheche ikikosekana au ikiwa dhaifu, bado usiende dukani. Anza na vya bei nafuu. Weka plagi mpya, pengo likiwa kati ya milimita 0.6 na 0.8 kwa pikipiki nyingi ndogo. Kisha kofia ya plagi, ambayo kwa nyingi imeskruwiwa tu kwenye ule waya mnene. Ifungue kwa kuizungusha. Mara nyingi utakuta nyuzi za shaba zimegeuka kijani kwa kutu. Kata nusu sentimita ya waya hadi uone shaba safi, rudisha kofia, jaribu tena. Nduthi nyingi zilizohukumiwa "koili" hufufuka hapo, kwa kisu na dakika tano.

Kisha angalia boliti inayoshika koili kwenye fremu. Fundi wengi huiruka hii. Kwenye koili nyingi za pikipiki za CDI, stima hurudi kupitia chuma kile kinachogusa fremu. Pakishika kutu, au mtu akipaka fremu rangi mpya ya kung'aa na kupaka hadi hapo, mzunguko unakatika. Fungua, sugua kwa msasa, kaza. Hata mwendesha nduthi mwenye redio na taa za rangi saba huwa hajawahi kukaza boliti hiyo.

Njia nyingine ni kungoja usiku. Egesha mahali penye giza, washa injini, nyunyizia koili na waya wake maji kidogo kwa chupa ya kinyozi, ukiweka mikono mbali. Kama kuna ufa, utaona cheche za buluu zikicheza nje, zikikimbilia fremu. Ukiona hivyo huhitaji kipimo kingine.

Mwenye mita anaweza kupima. Zima swichi, chomoa nyaya za koili, toa kofia ya plagi kwanza kwa sababu yenyewe mara nyingi ina omu 5,000 za kukupotosha. Kwenye koili za CDI, upande wa waya mnene wa ndani huwa karibu omu 1 au chini yake, na upande wa pili huwa omu elfu kadhaa. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha pikipiki yako, na huo ndio usemi wa mwisho. Mita isiposoma chochote, waya umekatika, kesi imekwisha. Ikisoma vizuri, usishangilie. Mita hutumia betri ndogo, haiwezi kuona uvujaji unaotokea kwa volti maelfu, na haiwezi kuona ufa unaofunguka kwa joto tu. Pima baridi, pima moto, linganisha.

Lakini mimi naona kipimo kinachoshinda mita zote kiko steji. Hakuna steji Nairobi ambako hutapata mwenzako mwenye nduthi kama yako. Mkae chini ya mti, mbadilishane koili, kila mtu aendeshe siku moja. Ugonjwa ukihamia kwake, umeupata (na umnunulie chai). Ukibaki kwako, basi koili haina hatia, na sasa shuku CDI, au kile kikoili kidogo kilicho ndani ya kifuniko cha magneto kinachoiambia CDI wakati wa kutoa cheche. Hicho nacho hufa kwa joto. Ukiwa peke yako barabarani unaweza kuwatenganisha hivi: zima swichi, weka kitambaa chenye maji baridi juu ya koili kwa dakika chache. Ikiwaka haraka kuliko kawaida yake, koili ndiyo inayopoa, kwa maana kile kikoili kilicho ndani ya injini bado ni moto.

Wenye Pulsar za DTS-i, kwenu mambo ni tofauti kidogo. Injini ina plagi mbili kwenye silinda moja, na kila plagi ina koili yake. Moja ikifa, nduthi haizimi. Inaendelea kutembea kwa ile nyingine, ila inakuwa nzito na kunywa mafuta, na mwenyewe anaanza kulaumu kabureta au bei ya petroli. Uzuri ni kwamba huhitaji kuazima: badilisha koili ya kushoto na ya kulia, uone kama cheche mbovu imehama upande.

Umethibitisha ni koili? Nenda Kirinyaga Road au popote unaponunua spea, ukiwa na ile kuukuu mkononi. Usinunue kwa maneno "ya 150". Koili ya mfumo wa CDI na ile ya mfumo wa betri wa zamani zinafanana sura, lakini ndani si ndugu. Ukizichanganya utapata cheche ya kizembe au uchome kifaa kinachoiendesha. Linganisha vichwa vya nyaya, umbali wa matundu ya boliti na urefu wa waya mnene. Ukiwa na mita, ipime hapo hapo kaunta. Muuzaji akikataa, umeshajua la kujua. Kwangu mimi, koili halisi iliyotolewa kwenye nduthi iliyogongwa ina heshima kuliko mpya isiyo na jina kwenye pakiti.

Kufunga ni kazi ya nusu saa. Zima swichi, funga bomba la mafuta, toa kiti na tenki. Piga picha kwa simu kabla hujachomoa chochote. Chomoa nyaya kwa kushika kichwa chake, usivute waya. Fungua boliti, sugua fremu hadi chuma king'ae, funga koili mpya, kaza. Pitisha waya mnene mbali na silinda na pasipobanwa na tenki, maana tenki likiukandamiza utarudi kuufungua mwezi ujao. Kofia iingie kwenye plagi hadi usikie imeshika.

Kisha usiende kazini moja kwa moja. Iendeshe nusu saa, utafute kilima, uipandishe kwa gia ya juu, uizime ikiwa moto sana na uiwashe hapo hapo. Ikishika kwa kiki ya kwanza, nenda katafute wateja. Na kama koili hii mpya nayo itakufa ndani ya wiki chache, usinunue ya tatu kabla hujapima stima inayoingia kwenye betri injini ikiwa na kasi. Ikizidi sana volti 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika, na kwa nduthi ambayo CDI yake inategemea betri, hiyo stima iliyozidi hupita hadi huko.