Safari ya Milford Huamuliwa Te Anau

Julai, wakati watu wa Makete na Njombe wanaamkia umande ulioganda, kusini-magharibi mwa New Zealand nako ni majira ya baridi. Wengi hulikimbia eneo hilo la Fiordland miezi hiyo, na hapo wanakosea. Milford Sound, ambayo Wamaori huiita Piopiotahi, hupata takriban milimita 6,800 za mvua kwa mwaka, na Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenye nafuu. Kukikucha kweupe, kilele cha Mitre, chenye mita 1,692, huonekana kikichomoza wima kutoka baharini, theluji mabegani.

Kutoka mji wa Te Anau ni kilomita 118 za lami, na njiani hakuna kituo cha mafuta. Kwa msafiri wa gari-nyumba, mambo huamuliwa usiku wa kuamkia safari.

Aanze na dizeli. Baridi ikizidi, nta iliyomo ndani yake huganda na kuziba chujio. Aliyejaza tangi kaskazini kwenye joto anaweza kukuta injini haiwaki, ingawa betri ni nzima na mafuta yamejaa. Dawa ni kujaza dizeli ya majira ya baridi inayouzwa kusini, kisha kuendesha kidogo ili ifike kwenye mabomba. Mtungi wa gesi nao una yake: buteni huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri, na jiko hufifia sufuria ya chai ikiwa bado vuguvugu. Propeni huhimili hadi nyuzi 42 chini ya sifuri.

Hatari kubwa zaidi imo ndani ya gari. Watu wawili wakilala madirisha yamefungwa, pumzi zao hugonga kioo baridi na kuwa maji. Alfajiri ukipitisha kidole, matone yanatiririka hadi kwenye godoro. Anayewasha jiko apate joto anaongeza balaa, maana gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na hewa ikipungua hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu usingizini. Dirisha la darini libaki wazi upana wa vidole viwili, hata baridi iume vipi. Joto litoke kwenye hita inayotoa moshi nje, au kwenye umeme wa kambini.

Kisha kuna mlima ambao barabara huupenya. Handaki la Homer, lenye urefu wa kilomita 1.2, lilianza kuchimbwa 1935 likafunguliwa 1954, na maporomoko ya theluji yaliua wajenzi wake. Siku hizi barabara hufungwa kwanza, helikopta ikadondosha baruti ili theluji iporomoke pasipo mtu. Kati ya Mei na Novemba, bango likiagiza, kila gari hubeba minyororo ya matairi. Ifungwe kwa majaribio Te Anau, penye ardhi kavu, kwenye magurudumu yanayosukumwa na injini. Kujifunza gizani kwa vidole vilivyokufa ganzi ni mateso.

Karibu na handaki, kasuku wa milimani aitwaye kea hutua juu ya magari na kung'oa mipira ya madirisha. Asilishwe kitu.

Ndani ya Milford Sound, maji ya mvua yenye rangi ya chai hutanda juu ya maji ya chumvi na kuzuia mwanga, ndiyo maana matumbawe meusi ya vilindini huota huko karibu na uso wa bahari. Wa kuyatazama hayo awahi asubuhi, na saa tisa alasiri awe ameshageuza gari. Jua likijificha nyuma ya milima, lami yenye unyevu huganda upya, na barafu hiyo nyembamba haionekani kwa taa.