Namba ya nyumba si hati ya kiwanja

KWA muda mrefu mgeni wa Chala, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa, ameelekezwa kwa kutajiwa kanisa, shule au duka. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi nchini kote, ikilenga kuipa kila barabara jina na kila nyumba namba, na kuziingiza katika mfumo wa kidijitali wa NaPA.

Kwa mfumo huo, mpangaji miji huweza kuona makazi yanakoelekea kupanuka kabla njia za maji na barabara hazijazibwa na nyumba.

Hata hivyo, anwani huonyesha nyumba ilipo, si mwenye ardhi wala mipaka yake. Umiliki huthibitishwa kwa hati, mjini au ya kimila kijijini, kwa mujibu wa sheria za ardhi za mwaka 1999. Kibao cha namba ukutani hakitamaliza mgogoro wa mpaka.