Viatu vya magurudumu katikati ya umati

Viatu vya magurudumu ni raba zenye tundu kisiginoni, na ndani ya tundu hilo hukaa gurudumu dogo moja, wakati mwingine mawili. Mvaaji akikanyagia sehemu ya mbele ya wayo hutembea kama mtu mwingine yeyote. Akiinua vidole na kuupeleka uzito wa mwili kisiginoni, anaserereka. Aliyevibuni ni Mmarekani Roger Adams, mwishoni mwa miaka ya 1990, na viliingia sokoni mwaka 2000 kwa jina la Heelys. Kufikia Desemba 2006 kampuni hiyo ya Texas ilikuwa imekua hata ikaanza kuuza hisa kwa umma, na bidhaa za kuiga zilikuwa zimeshatapakaa.

Jambo linalowavutia watoto katika viatu hivi ndilo linaloleta taabu kwenye msongamano: havionekani. Mtoto aliyepanda baiskeli anajulikana kutoka mbali, na watu humpisha. Hata mtoto anayesukuma ringi kwa kijiti, mchezo unaojulikana kila kijiji kuanzia Tunduma hadi bonde la Rukwa, ana gurudumu mbele yake. Ringi ikielekea kumgonga mtu, mtoto huiachia na yeye mwenyewe anabaki amesimama. Mwenye viatu vya magurudumu hana cha kuachia. Anatembea, halafu ghafla anakwenda kwa kasi mara mbili au tatu ya wenzake, na hakuna aliyemwona akibadilika.

Tatizo la kusimama ni la zamani kuliko viatu hivi. Katika miaka ya 1760 fundi John Joseph Merlin, mzaliwa wa eneo ambalo sasa ni la Ubelgiji, anasimuliwa kuwa aliingia kwenye tafrija ya Carlisle House mjini London akiwa juu ya magurudumu huku akipiga fidla. Viatu alivyojitengenezea havikuwa na breki wala namna ya kukata kona, akaishia kwenye kioo kikubwa cha thamani, akakivunja pamoja na fidla yake na kujeruhiwa. Ilichukua karibu miaka 100 kabla ya James Plimpton wa New York kutengeneza, mwaka 1863, viatu vya magurudumu manne vinavyopinda mvaaji anapoegemea upande. Kwa upande wa kukata kona, raba yenye gurudumu moja kisiginoni ni hatua ya kurudi nyuma. Mvaaji husimama kwa kuinua vidole zaidi hadi mpira wa nyuma ya kisigino ukwaruze chini, au kwa kushusha vidole na kumalizia kwa hatua za mbio. Njia zote mbili zinahitaji mazoezi, na zote zinahitaji nafasi.

Nafasi hiyo inaweza kupigiwa hesabu. Mtu humchukua takriban sekunde moja kuona kizuizi na kuanza kuchukua hatua. Mtoto anayeserereka kwa mita 3 kwa sekunde, ambao si mwendo mkali, atakuwa ameshapita mita 3 kabla breki haijagusa chini. Kwenye umati, pengo kati ya mtu na mtu mara nyingi halifiki mita 1. Nishati ya mgongano nayo hupanda kwa mraba wa kasi: mtoto wa kilo 30 anayetembea kwa mita 1.2 kwa sekunde anabeba jouli zisizozidi 22, na akiserereka kwa mita 3 anabeba jouli 135, zaidi ya mara 6. Uzito ni ule ule na mtoto ni yule yule.

Yanayompata mvaaji mwenyewe yamechunguzwa vya kutosha. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Temple Street mjini Dublin walihesabu majeruhi wa viatu hivi na vya jamii yake kwa wiki 10 za kiangazi cha mwaka 2006, wakapata watoto 67. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2007 katika jarida la Pediatrics. Majeraha mengi yalikuwa ya mikono. Sababu ni namna ya kuanguka: uzito ukiwa kisiginoni, mtoto huanguka kinyumenyume au kiubavu, naye hunyoosha mkono ili kujizuia. Kiganja ndicho kinachopokea mwili mzima, na mfupa huvunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono au kwenye kiwiko. Mifupa ya watoto hupona haraka, lakini karibu na kila ncha yake kuna sehemu ya gegedu ambako mfupa hurefukia. Sehemu hiyo ikiumia vibaya na isitibiwe, mkono unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Takwimu ya Dublin inayostahili kutazamwa zaidi ni nyingine. Mmoja kati ya watoto watano aliumia siku ya kwanza kabisa ya kuvivaa, na zaidi ya theluthi moja waliumia wakiwa bado kwenye kujifunza. Hatari basi haikugawanyika sawasawa katika maisha ya kiatu, imerundikana mwanzoni.

Mwanzo huo huangukia wapi kwa mtoto wa Kitanzania? Katika familia nyingi kiatu kipya ni cha sikukuu. Kinanunuliwa kabla ya Idd au Krismasi, kinafichwa sandukuni, na kinavaliwa kwa mara ya kwanza siku yenyewe, siku ambayo watoto wote wa mji wamo njiani, viwanjani na ufukweni. Siku ya kujifunza na siku ya msongamano mkubwa kuliko zote zinakuwa moja. Mzazi angepewa uhuru wa kuchagua siku mbaya kuliko zote ya kumvisha mtoto viatu vya magurudumu, asingepata nyingine.

Bustani za burudani za aina ya Ulaya na Marekani ni chache Afrika Mashariki. Dar es Salaam ina Kunduchi Wet 'n' Wild na Fun City ya Kigamboni, na kandokando ya bwawa la kuogelea hakuna haja ya mjadala. Umati wenyewe wa watu wa kanda hii uko kwenye maonesho, magulio na viwanja vya sikukuu. Kwa familia ya Kamsamba, kando ya Mto Momba, umati wa kila mara ni wa gulio, ambao hufura zaidi wakati mpunga umevunwa na fedha ipo mikononi. Umati mkubwa zaidi uko Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale, ambako maonesho ya Nane Nane ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika kila Agosti. Ni safari ndefu kwa barabara ya Mlowo, na mtoto anayechukuliwa huko huvishwa vizuri kuliko siku nyingine zote.

Ardhi yenyewe ya viwanja hivi ni kipingamizi. Gurudumu la kisiginoni lina kipenyo cha sentimita chache tu. Tairi la baiskeli hupanda juu ya kokoto bila mpandaji kujali, lakini gurudumu dogo hukwama papo hapo, na mwili unaendelea mbele. Kwenye maonesho kuna kokoto, mchanga, nyaya za umeme zilizolazwa kati ya banda na banda, kamba za mahema na vigingi vyake. Penye sakafu laini, kama ndani ya mabanda makubwa ya maonesho ya Sabasaba Dar es Salaam, mtoto ataserereka vizuri sana, na ndiko wazee na wenye mizigo wanakoingia kukimbia jua.

Gulioni kuna hatari nyingine: moto ulio chini. Mama anayekaanga mihogo au samaki huweka karai juu ya mafiga, kimo chake ni cha goti la mtu mzima, mafuta yamejaa hadi nusu, na mteja anasimama hatua moja tu kutoka hapo. Pembeni kuna sufuria ya chai na jiko la mkaa. Mtu anayetembea akijikwaa hupiga hatua ya pili na kujiokoa. Anayeserereka hana hatua ya pili, na akigusa karai, mafuta hayamchagui yeye peke yake.

Hapo ndipo uamuzi wa jambo hili unapolalia. Mtoto anayeanguka uani kwao amejiumiza mwenyewe, na mzazi wake ameridhia. Bibi mwenye mkongojo, mjamzito, mama mwenye mtoto mgongoni na beseni kichwani hawakuridhia chochote. Kwa mzee, kuangushwa kunaweza kumvunja nyonga, na kuvunjika nyonga uzeeni ni ugonjwa wa miezi ambao wengine hawauponi. Kwa hiyo hata mtoto hodari aliyekwisha kujua kukata kona na kusimama hafai kuserereka kwenye umati. Uhodari wake haumsaidii mtu anayegeuka ghafla mbele yake bila kumwona.

Kuanguka kwenyewe, mahali penye watu wengi, si jambo dogo. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitr, watoto wapatao 20 walifariki mjini Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi uliokuwa na disko toto. Hapakuwa na kiatu cha magurudumu pale. Kisa kilikuwa wingi wa watoto na udogo wa ukumbi. Tangu hapo polisi wa mikoa mbalimbali wamekuwa wakipiga marufuku disko toto kila sikukuu zinapokaribia. Wataalamu wa mikusanyiko huhesabu kuwa watu wakizidi 4 au 5 katika mita moja ya mraba, mtu hupoteza uwezo wa kuchagua hatua zake, na mmoja akianguka walio nyuma humwangukia kwa sababu hawana pa kwenda. Mtoto, kwa kimo chake, huwa wa kwanza kutoonekana. Kumvisha kitu kinachopunguza uimara wa mguu wake katika mazingira hayo hakuna utetezi.

Wenye bustani kubwa duniani walishaamua. Walt Disney World ya Florida imeviweka viatu vyenye magurudumu katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa ndani ya viwanja vyake, pamoja na ubao wa magurudumu na skuta, na bustani nyingine nyingi na maduka makubwa yana sharti kama hilo. Chama cha madaktari bingwa wa mifupa wa Marekani mwaka 2007 hakikuvilaani. Kilishauri helmeti, vikinga vya vifundo vya mikono, viwiko na magoti. Ushauri huo ni mzuri, ila unamkinga mvaaji tu.

Magurudumu na watu huweza kuishi pamoja pale kila kimoja kinapopewa mkondo wake. Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu, yaani skuta za mbao za kubebea mizigo, hushuka zikiwa na magunia ya viazi au makaa, na mji umezizoea: ni kubwa, zinaonekana, zinapita barabarani, na anayeziendesha ni mtu mzima anayejua uzito wa mzigo wake. Nairobi, vijana wanaoteleza kwa magurudumu hutumia maegesho ya katikati ya jiji siku ya Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa na magari yameondoka. Hawaendi soko la Gikomba Jumamosi.

Kwa mtoto wa Kamsamba au Tunduma mahali panapofaa ni uwanja wa saruji usio na watu: wa mpira wa kikapu, ua wa kanisa baada ya ibada, au baraza pana ya shule wakati wa likizo, mtu mzima akiwa karibu na kofia ngumu ikiwa kichwani. Aina nyingi za viatu hivi huruhusu gurudumu kung'olewa kwa kifaa maalumu na tundu kuzibwa kwa kizibo chake, kikabaki kiatu cha kawaida. Hilo ndilo suluhisho la siku ya sikukuu, na halimnyimi mtoto raba yake mpya. Gurudumu libaki nyumbani, maana likiwa mfukoni mwa mtoto litarudi kisiginoni kabla ya saa sita.

Viatu vya mtumba vinahitaji kukaguliwa zaidi. Gurudumu la mguu mmoja likizunguka kwa wepesi na la mwingine likisuasua, beringi moja imekufa, na mtoto atavutwa upande mmoja kila anapoinua vidole. Mpira wa breki wa nyuma ukiwa umelika hadi kwenye soli, kiatu hakina breki tena. Kizibo kikiwa kimepotea, tundu hujaa kokoto na kisigino hakitulii hata katika kutembea kwa kawaida. Muuzaji anayevifungua kutoka kwenye robota huenda asijue kuwa vilikuwa na kizibo.

Waandaaji wa maonesho na viwanja vya sikukuu wana kazi nyepesi kuliko wazazi, kwa kuwa wana lango. Tangazo moja langoni, lenye picha ya kiatu chenye gurudumu kwa ajili ya wasiosoma, na mlinzi anayetazama visigino vya watoto kama anavyotazama tiketi, vinatosha. Katazo linalotolewa kwa kipaza sauti baada ya watu kujaa halina maana, kwani mtoto hawezi kuvua viatu akatembea peku juu ya kokoto za moto.

Mtoto akishaanguka na kifundo cha mkono kikavimba au kupinda, mkono usikandwe wala kuvutwa ili kuunyoosha. Ufungwe ulivyo juu ya kitu kigumu, kama kipande cha boksi kilichokunjwa, uning'inizwe shingoni kwa kanga, na mtoto apelekwe kituo cha afya; picha ya mfupa ikihitajika, rufaa itampeleka mbele, kwa mtoto wa Kamsamba hadi hospitali ya Vwawa. Vidole vikiwa vya baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, damu au neva imebanwa, na safari hiyo haisubiri gari la kesho.