Usonji Kibera na Kawangware: mzazi aanze nyumbani, asingoje foleni

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiitwa jina haitiki. Akionyeshwa ndege angani, hafuati kidole. Akitaka maji, humshika mama mkono na kuupeleka kwenye dumu, bila kumtazama usoni, kana kwamba mkono ule ni kikombe tu. Majirani hawakosi la kusema. Huyu atamtuliza mama kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema. Yule atanong'ona kwamba mtoto karogwa au ana shetani, apelekwe akapungwe. Sisi wa pwani maneno haya tunayajua vyema, na Kibera nako, kwa wazee wa Kinubi wa Makina na kwa kila kabila lililohamia baadaye, hayasikiki mageni.

Huenda ni usonji. Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua, na huonekana katika mawasiliano, katika kuhusiana na watu, na katika tabia za kurudiarudia jambo moja. Mama hakuusababisha kwa kutompenda mwanawe. Chanjo nayo haihusiki: ile makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyoeneza hofu hiyo ilifutwa na jarida lenyewe la Lancet mwaka 2010. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Katika mitaa iliyosongamana kama Kibera na Kawangware, basi, watoto hawa ni wengi, hata kama hatuwaoni. Baadhi yao hatuwaoni kwa sababu mlango umefungwa kwa nje.

Shida ni umri. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unapojifunza lugha kwa kasi kubwa, na ndiyo miaka ambayo mtoto hungojeshwa. Wataalamu wa matamshi na wa tiba ya shughuli ni wachache, wengi wako kwenye hospitali kubwa na kliniki za kulipia, na malipo ni kwa kila kikao. Mama anayeamka alfajiri Kawangware kwenda Lavington kutafuta kibarua cha kufua hawezi kukosa kazi kila wiki kwa ajili ya kikao cha saa moja. Hata akiweza, saa moja kwa wiki ni nini kwa mtoto wa miaka miwili?

Hapo ndipo fikra ya mzazi kuwa mwalimu ilipotoka. Badala ya mtaalamu kukaa na mtoto, mzazi hufundishwa, naye huifanya kazi ile siku nzima, ndani ya shughuli zake za kawaida. Shuka chini, uso wako uwe sawa na wa mtoto. Usimlazimishe mchezo wako. Ingia kwenye wake. Anagonga sufuria? Nawe gonga, kisha ngoja. Taja anachokitazama kwa neno moja au mawili: "maji", "maji baridi". Weka uji anapouona lakini asipoufikia, ili apate sababu ya kuomba, na akikutazama au akinyoosha mkono, mpe papo hapo. Ule mchezo wa kujifunika khanga na kufunua, ambao bibi zetu waliucheza bila kufundishwa na mtu, ni somo kamili la kupokezana zamu. Kungoja ndiko kugumu kuliko yote. Wengi wetu hujaza kimya kwa maneno, na mtoto hapati nafasi yake.

Je, yafaa? Mwaka 2015 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa matokeo ya jaribio la Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, lenye watoto 65. Wahudumu wa kawaida, wasio wataalamu wa usonji, walikutana na familia mara 12 kwa miezi sita, wakawarekodi wazazi kwa video wakicheza na watoto wao, kisha wakaitazama pamoja. Wazazi walijifunza kuwajibu watoto vizuri zaidi, na watoto wakaanzisha mawasiliano wenyewe mara nyingi zaidi. Usonji haukuondoka, na anayeahidi kuuondoa anauza uongo.

Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Si lazima mtoto awe ameshapewa jina la ugonjwa. Nchini Kenya yamejaribiwa Nairobi na kwetu Kilifi, katika utafiti uitwao SPARK.

Hata hivyo nina neno. Kumwachia mzazi kazi hii kusiwe njia ya serikali kujivua mzigo. Katika chumba kimoja cha mabati, ambako kilio cha mtoto usiku kinasikika nyumba nne, na baba pengine alishaondoka kwa kusema "kwetu hakuna wa namna hii", mama anahitaji mtu wa kumshika mkono. Kikundi cha wazazi wenzake kinamfaa pengine kuliko somo lenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023 hupita nyumba kwa nyumba tayari. Wangefundishwa dalili hizi, wangemfikia mtoto mapema. Na mwenye kutunza watoto kwa malipo ya kutwa mtaani naye afundishwe, kwa kuwa ndiye anayeshinda na mtoto.

Mwenye wasiwasi aanze hivi. Usikatize kliniki baada ya miezi tisa; chanjo ya surua hurudiwa miezi 18, na siku hiyo uliza kuhusu usemi, ukifungua kijitabu cha mama na mtoto penye hatua za ukuaji. Omba mtoto apimwe masikio kwanza, maana kutoitika kwaweza kuwa ni uziwi. Ikiwa alikuwa na maneno kisha yakapotea, usingoje hata mwezi. Vituo vya elimu vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu vipo nchini tangu 1984, na Nairobi shule ya msingi ya City, Ngara, ina kitengo cha usonji. Unapongoja zamu yako huko, gonga sufuria naye.